Siku Mnajimu Alipopelekwa Uwanjani

Tuanze na dirisha, maana bila lile dirisha huyu bwana angebaki alivyokuwa tangu zamani: mtangazaji wa mpira mwenye sauti kubwa na mshahara mdogo.

Stesheni yake ya televisheni ilikuwa na jina zuri, limeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Lakini watu hawana adabu. Waliiita Kichochoro, kwa sababu ili uifikie ilikubidi upenye kichochoro, uruke mfereji, kisha upande ngazi za nje za duka la magodoro. Wapinzani wao walikuwa na jengo refu la vioo ambalo hata mlinzi wa getini alivaa tai, nao wakaitwa Ghorofa. Stesheni zote mbili zilionyesha mechi za ligi, ila ni kama tajiri na maskini wanaposema wote wamekula. Ghorofa walikuwa na kamera zao uwanjani na setilaiti yao angani. Kichochoro waliuziwa picha zilezile kwa bei ya kutupa, zikasafiri kwenye mtandao, zikapitia mtambo huu na ule, hata zikifika studio zimechoka. Mpira uliokwisha kuingia wavuni kwa Ghorofa, kwa Kichochoro ulikuwa bado uko miguuni mwa beki anatafuta wa kumpa.

Bwana wetu alitangazia mlemle studio, macho kwenye skrini, na watazamaji majumbani wakidhani yuko uwanjani anachomwa na jua. Huo haukuwa uongo mkubwa; kila stesheni ya wanyonge hufanya hivyo. Mambo yaliharibika kiyoyozi kilipokufa. Fundi aliitwa, akakitazama kama daktari anavyotazama maiti, akafunga mkoba wake akaenda zake. Studio ikawa tanuri, na dirisha ambalo halijawahi kufunguliwa likafunguliwa.

Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kumpa mtu kiberiti kwa mkono, palikuwa na kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na dishi la Ghorofa na televisheni kubwa ukutani, na siku za mechi duka lake lilijaa wanaume ambao pengine mmoja tu ndiye aliyefuata kunyolewa.

Basi alasiri moja bwana wetu yuko hewani. Kwenye skrini yake beki wa kushoto anaokota mpira ili aurushe, tena kwa uvivu. Mara kule kwa kinyozi watu wakalipuka, viti vikaanguka, mtu akapiga ukuta kwa kiganja. Goli! Bwana akashtuka. Akatazama skrini: mpira ndio kwanza unarushwa. Mtu mwingine angepuuza. Yeye, sijui shetani gani alimpitia, alishusha sauti na kusogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Ndugu mtazamaji," akasema, "mimi si mtu wa kusema nisiyoyajua. Lakini jicho langu la kulia linacheza. Usiinuke hapo ulipo."

Kabla hajameza mate, bao. Fundi sauti, binti aliyezibwa masikio na vifaa vyake na asiyesikia lolote la nje, alimtazama kupitia kioo kama anayetazama mzuka.

Mtu akionja asali haachi chungu. Mechi iliyofuata alilaza sikio dirishani, na baada ya muda mfupi akawa ameijua lugha ya kwa kinyozi kuliko lugha ya mama yake. Mngurumo wa pamoja ni bao. "Aaah" ndefu ni mpira umegonga mwamba. Mtu akitukaniwa ukoo mzima, hapo kuna kadi nyekundu. Na mashine ya kunyolea ikinyamaza ghafla, basi ni penalti, kwa sababu kinyozi hakuwa mtu wa kunyoa huku penalti inapigwa. Mteja alikaa na nusu ya nywele kichwani mpaka kieleweke. Bwana wetu alisikiliza, akatabiri, na utabiri ukatimia. Akaongeza madoido: mara ananusa hewa, mara anafumba macho, mara anaomba watazamaji wenye presha wakae chini. Mji mzima ukamwita Mnajimu. Watu waliokuwa na dishi la Ghorofa nyumbani walihamia Kichochoro, licha ya picha mbovu, ili wamsikie.

Mwenye stesheni alikuwa ndiye mwenye duka la magodoro pale chini. Mama Magodoro, wote walimwita hivyo, na yeye hakuona ubaya, maana magodoro ndiyo yaliyompandisha mpaka kwenye televisheni. Mama huyu alipoona umaarufu unakua alitaka kununua kiyoyozi kipya na kuziba lile dirisha kwa matofali. Mnajimu aliruka kama aliyekanyaga moto. Alidai mapafu ya ukoo wao hayapatani na hewa ya mashine, kwamba babu yake alikufa kwa hewa ya namna hiyo, japo babu alifariki kabla mji haujapata umeme. Mama Magodoro hakubisha. Dirisha wazi halina gharama.

Sasa, mngedhani mtu huyu alikuwa akiringia sifa za mjini. Hapana. Sifa iliyomlewesha ilikuwa nyumbani kwake, kwenye kiti cha pembeni sebuleni, nayo ilitoka kwa baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa refa mstaafu. Mzee mkavu, mgongo umenyooka, akivuka ua wa nyumba mikono nyuma kama bado anakagua wavu. Alipofiwa na mkewe alikuja kuishi na binti yake, na mtu aliyemkuta ndani kama mkwe hakumpendeza hata kidogo. Miaka yote ile, Mnajimu kabla hajawa Mnajimu, mzee alikuwa akitazama mechi za Kichochoro huku amezima sauti. Alimwambia binti yake waziwazi kwamba wanaume walikuwa wengi, hata wakusanya kodi walikuwapo, ila yeye akachagua anayelipwa kwa kupiga kelele.

Utabiri ulipoanza, mzee aliongeza sauti. Mwanzo kidogo, halafu sana. Jioni moja wakiwa mezani alimsogezea mkwewe bakuli la mchuzi kwanza kabla ya kujipakulia mwenyewe, akamwita mwanangu. Akaanza kuwaeleza marefa wenzake wastaafu kwamba hakuna uchawi pale, kuna akili: huyu kijana anausoma mchezo, anatazama mabega ya straika, anatazama kipa anavyokanyaga, kitu ambacho yeye mwenyewe alikifanya maisha yake yote na hakuna aliyemwelewa. Hatimaye amepata wa kumwelewa. Mnajimu alisikia maneno hayo akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni, na furaha ikiifuata nyuma yake. Furaha ikashinda. Lile neno "mwanangu" alilipenda kuliko mshahara.

Mambo yakatulia hivyo kwa misimu miwili, mpaka Chama cha Ligi kilipotangaza kwamba kuanzia msimu ujao mechi zitaonyeshwa na stesheni moja tu. Mwenye kutaka haki hizo za kuonyesha peke yake aje aseme atatoa nini.

Ghorofa walikwenda na mkoba wa fedha, magari yenye mitambo na wanasheria wanaotembea wawili wawili. Mama Magodoro hakuwa na ubavu huo, na hakujidanganya kuwa anao. Lakini alikuwa ameuza magodoro miaka mingi, akajua kwamba mteja hanunui sponji, ananunua usingizi. Alimwendea Mwenyekiti wa Chama, mtu mnene aliyependa kutabiriwa hata chakula cha mchana, akamwambia: Ghorofa watakupa kamera, mimi nitakupa mtu anayeona bao kabla halijafungwa. Mwenyekiti akakiri kwamba yeye na mkewe hawatazami mechi bila Mnajimu. Wakakubaliana pafanyike jaribio. Mechi moja, uwanjani, wajumbe wote wa Chama wakiwa jukwaani na vifaa vya kusikilizia masikioni. Kipindi cha kwanza watatangaza Ghorofa, cha pili Kichochoro. Atakayewakuna wajumbe ndiye atakayechukua ligi.

Mama Magodoro alirudi akakusanya wafanyakazi wote, akawatangazia habari hiyo amesimama juu ya kreti la soda. Wakishinda, watahama kichochoroni. Wakishindwa, idara ya michezo inafungwa na badala yake kutakuwa na kipindi cha mapishi. Watu wakapiga makofi, wakamgeukia Mnajimu, wakampigapiga mgongoni. Naye alikuwa anacheka meno nje huku akitafuta mlango kwa macho. Uwanjani! Uwanjani mpira ukiingia umeingia, na kila mtu anauona saa ileile. Hakuna dirisha uwanjani. Hakuna kinyozi.

Usiku alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke aliyezoea kusikia watu wakiapa mambo ambayo asubuhi hawayakumbuki, na haikuwa rahisi kumshangaza. Alisikiliza bila kumkatiza. Mumewe alipofika kwenye mashine ya kunyolea, mke akaanza kucheka, akacheka mpaka akaanguka kitandani akiwa ameshika mbavu, akaziba mdomo kwa mto ili asimwamshe mzee chumba cha pili. Mnajimu alimsubiri amalize. Hakumaliza upesi.

Halafu mkewe akakaa kitako, akajipangusa macho. "Baba watoto," akasema, "kazi utapata nyingine. Hata kuuza magodoro utauza. Lakini baba yangu?"

Hilo ndilo lililokuwa lenyewe. Mnajimu alisema atajifanya sauti imekauka. Mkewe akamjibu kwamba hatatibu ugonjwa wa uongo chini ya paa lake, na kwamba maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga. Ila alimshauri jambo moja: amwambie mzee ukweli kabla ya siku hiyo, kwa mdomo wake mwenyewe, asije akaumbuka mbele yake.

Kesho yake Mnajimu alitoka uani na ukweli wake ameubeba kifuani. Akamkuta mzee anapiga viatu rangi. Kumbe Mama Magodoro, kwa kutafuta mbwembwe, alikuwa amempigia simu refa huyo mstaafu na kumwalika akae kwenye kibanda cha watangazaji, nyuma kabisa ya mkwewe, ili wajumbe waone familia ya mpira. Mzee alisema hajaingia uwanja ule tangu astaafu. Alisema ataona kwa macho yake jinsi mwanawe anavyofanya. Alisugua kiatu kilekile mara nyingi, akakiinua kwenye mwanga, akakisugua tena. Mnajimu alimeza ukweli wake, akauliza kama mzee anahitaji rangi zaidi.

Siku ikafika. Watu walijaa uwanjani mpaka kwenye ngazi. Kibanda cha watangazaji kilikuwa chumba kidogo cha mbao juu ya jukwaa kuu, upande wa mbele wazi, chini yake wamekaa wajumbe wa Chama kwenye viti vyenye mito. Mama Magodoro alikuwa amemshonea Mnajimu joho la buluu la kung'aa, lenye kofia na nyota za karatasi ya fedha. Kitambaa chenyewe, ukikitazama kwa makini, kilikuwa cha kuvalisha magodoro. Mnajimu alilivaa akatoka jasho kabla hajafunga kifungo cha juu. Mzee alilitazama lile joho, akatazama pembeni.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Ghorofa. Kijana wao alivaa suti, sauti yake laini, akataja nani alizaliwa lini na nani aliwahi kuumia goti lipi. Mpira wenyewe ulikuwa wa kulala. Mapumziko yalipofika hakuna aliyefunga, na Mwenyekiti alikuwa amesinzia na vifaa vyake masikioni. Mama Magodoro akafurahi sana. Alimwambia Mnajimu kwamba wateja wamelazwa tayari, kazi yake ni kuwaamsha.

Kipenga kikapulizwa. Mnajimu akaketi, joho likamfunika yeye na kiti. Nyuma yake alisikia mzee akisogeza stuli karibu. Na pembeni, mahali ambapo kamera haifiki, Mama Magodoro alisimama akimzungushia kidole: tabiri, tabiri.

Akaanza kwa kutangaza kawaida, kidole kikazunguka kwa kasi zaidi. Straika akapata mpira, akageuka. Mnajimu akaona hapa pana dalili. Akashusha sauti, akanusa hewa.

"Ndugu mtazamaji, jicho linacheza. Usiinuke."

Straika akaukanyaga mpira, akaanguka chali, mpira ukatoka nje. Uwanja mzima ukacheka. Mnajimu naye akacheka kidogo, akasema bao limeahirishwa. Mwenyekiti akaamka, akakaa vizuri.

Baadaye kidogo ikapigwa kona. Kona si haba, akajisemea. Akatabiri tena, safari hii kwa macho yaliyofumbwa. Alipoyafumbua, mpira ulikuwa kwapani mwa kipa na kipa anafunga kamba za viatu. Mjumbe mmoja alitoa vifaa masikioni, akavipuliza, akavirudisha, akidhani vina hitilafu. Mnajimu alihisi macho ya mzee yamemkaa kisogoni. Alitamani ardhi ipasuke, lakini alikuwa juu ya mbao.

Alitabiri penalti, haikuja. Alitabiri kadi, refa akacheka na mchezaji wakapeana mikono. Kila alilolisema lilikwenda kinyume, kana kwamba wachezaji walikuwa wakimsikiliza na kumkomoa. Mama Magodoro alikuwa ameacha kuzungusha kidole. Sasa alikuwa ameshika kichwa. Na nyuma alikuwa mzee. Mnajimu hakuthubutu kugeuka. Alijua, jinsi mtu anavyojua maji yamekwisha mtungini, kwamba lile neno lake tamu limekwisha.

Basi akachoka. Mtu akishaumbuka kabisa, hana la kuogopa tena. Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, mpira uko katikati ya uwanja, beki wa kulia anautembeza kama anayesindikiza mgeni. Mnajimu akavua kofia ya lile joho, akapangusa jasho.

"Hapa hamna kitu," akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa. "Hapa, ndugu mtazamaji, hata ukitaka kwenda chooni nenda, hakuna litakaloharib…"

Beki akapiga.

Kwa nini alipiga, yeye mwenyewe hakuweza kueleza hata alipoulizwa baadaye. Alipiga kutoka kulekule, mbali ambako watu wenye akili hawapigi. Mpira ukapanda juu, ukapinda kama umekumbuka kitu, kipa akaanza kurudi nyuma mikono juu, akirudi, akirudi, ukashuka nyuma yake chini ya mwamba.

Kwa misimu miwili Mnajimu hakuwa ameshtushwa na bao hata moja. Mabao yote yalimfikia yakiwa viporo, ameshayajua, anayasubiri yatimie ili asifiwe. Alikuwa amesahau kabisa jinsi linavyomwingia mtu. Lile bao lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Hakusema "goli". Alisema "Mama yangu! Mama yangu mzazi!" akaruka, meza ikaruka naye, joho likanasa kwenye msumari likachanika mpaka makalioni, kipaza sauti kikaning'inia kwenye waya. Akawa anapiga yowe lisilo na maneno, machozi yanamtoka, na katika kutafuta wa kumshika, mikono yake ikamkuta aliyekuwa nyuma yake.

Mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa adabu na kukaa mbali naye. Yeye alimkumbatia baba mkwe kiunoni, akamnyanyua juu juu, viatu vilivyong'arishwa vikaning'inia hewani, akambusu kipara mbele ya kamera, mbele ya wajumbe wa Chama, mbele ya mji mzima. Na kipaza sauti kilichoning'inia kikanasa sauti ya pili, nyembamba, imepasuka, ikipiga kelele juu ya ile ya kwanza.

Mechi ilipokwisha Mwenyekiti alipanda mwenyewe kibandani. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeuziwa saa isiyotembea. Alimtaka Mnajimu amweleze: bao zuri kama lile, bao la msimu, ilikuwaje asilione?

"Mheshimiwa," Mnajimu akasema, joho limening'inia bega moja, "ningelijua, ningelia nini?"

Mwenyekiti akageuka akateremka, maana watu wakubwa wakikosa jibu huondoka. Wajumbe wakajifungia chumba cha chini kujadiliana.

Mnajimu na baba mkwe wakaketi kwenye ngazi za nyuma ya jukwaa, wakisubiri. Uwanjani wafanyakazi walikuwa wakifungua nyavu na kuzikunja. Mzee alikuwa amepoteza sauti, anakohoa, na hakumtazama mkwewe. Mnajimu hakungoja kuulizwa. Akamweleza yote, kuanzia kiyoyozi mpaka dirisha, kwa kinyozi, ile mashine inavyonyamaza, na asubuhi ile ya viatu aliposhindwa kusema. Hakujitetea. Alisema anaona aibu, na aibu yenyewe si ya mjini bali ni ya mbele yake yeye.

Ndipo Mama Magodoro alipotokea juu ya ngazi. Haki zimekwenda Ghorofa, akasema. Tena walikuwa wameshakubaliana siku nyingi, maana makoti ya mvua yenye nembo ya Ghorofa yalikuwa yameshagawiwa kwa wajumbe, na mengine yalikuwa yameshavaliwa na kufuliwa. Kuhusu Kichochoro, Mwenyekiti alisema tu kwamba wana hisia sana. Idara ya michezo imefungwa. Mnajimu hatafukuzwa, akasema mama, ila kuanzia Jumatatu atasoma utabiri wa hali ya hewa, na safari hii ahakikishe anakosea kama watabiri wengine wote wa mvua. Akachukua vipande vya joho lake, akateremka zake.

Walipobaki wawili mzee akakohoa.

"Kwa hiyo misimu miwili umenidanganya."

"Ndiyo, baba."

"Nimewaambia watu wazima wenye heshima zao kwamba unausoma mchezo."

"Ndiyo, baba."

"Na huujui."

"Siujui, baba. Naupenda tu."

Mzee akatazama nyavu zinavyokunjwa. Alipoanza tena kusema ilibidi Mnajimu ainame ili amsikie, sauti ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Nimechezesha mpira tangu mkeo hajazaliwa. Unajua refa anafanya nini bao likiingia? Anaonyesha katikati ya uwanja, anatazama saa, anarudi kinyumenyume ili asimpe mtu mgongo. Uso mkavu. Ukitabasamu tu, wanasema umehongwa. Nimeona mabao mazuri mpaka nywele zinasimama, niko karibu nayo kuliko mtu yeyote, na sijayafurahia hata moja. Nikastaafu, nikakaa kwenye kiti mbele ya televisheni, nikakuta uso umeshakauka hivyohivyo." Akapumzika. "Ile kelele ya leo, uliisikia?"

"Kila mtu aliisikia, baba."

"Ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako."

Mzee akaitika kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea habari za mtu aliyepotea siku nyingi. Kisha akashika bega la mkwewe ili ainuke, na aliposimama hakuuondoa mkono. Akauliza mechi ijayo hapa ni lini. Mnajimu akasema hajui, si kazi yake tena.

"Tutanunua tiketi, mwanangu, tukae kule juu kwenye jua," mzee akasema. "Na ukifungua mdomo wako kabla mpira haujaingia, nakutoa nje ya uwanja."

"Sawa, baba," akasema.